Kitufe cha Nane

Katika ofisi ya ramani walimwita Bi Mpaka, kwa kuwa miaka nenda miaka rudi kazi yake ilikuwa kuchora mipaka ya mashamba na viwanja. Siku binti yake alipomletea kipanya cha kompyuta chenye vitufe vingi, wapenda utani wa ofisini wakaitupa ile herufi ya kwanza. "Bi Paka kapata kipanya," walisema. Naye alicheka nao. Mtu aliyekwenda kuzimu akarudi hakasirishwi na herufi moja.

Na kuzimu alikwenda kweli. Kiharusi kilimwangusha jikoni akiwa ameshika sufuria, na alipoinuka, baada ya miezi ya kitandani, mkono wake wa kushoto ulikuwa kama mgeni asiyeaga: upo, unachukua nafasi, lakini haukusaidii kazi. Mchora ramani anahitaji mikono miwili. Wa kulia unaongoza kipanya, wa kushoto uko kwenye kibodi, unakuza picha, unaipunguza, unafuta ulichokosea. Mkuu wa idara alikuwa ameanza kumtajia habari za kustaafu mapema, kwa upole ule wa mtu anayekusindikiza mlangoni huku akikusifia viatu. Ndipo binti akaja na kile kipanya. Kilikuwa kinene, kinajaa kiganjani, na ubavuni, pale kidole gumba kinapopumzika, kilikuwa na vitufe viwili vya ziada. Gurudumu lake nalo lilikubali kusukumwa kushoto na kulia. Kwa mkono mmoja Bi Mpaka akafanya kazi ya mikono miwili, na mkuu wa idara akaacha kusifia viatu.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka ofisi ilipobadilisha mfumo wa kompyuta. Ule wa zamani, waliambiwa, umezeeka na unaingiliwa ovyo. Huu mpya hauna gharama na una nguvu. Bi Mpaka alifika kazini akakuta skrini ya kijivu tupu, kama ukuta uliopigwa rangi jana. Alichomeka kipanya chake. Mshale ukatembea. Kubonyeza kushoto, sawa. Kulia, sawa. Akabonyeza kwa kidole gumba. Kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua watu wamo.

Fundi wa kompyuta wa ofisi alikuwa mwanamke wa umri wake, mwembamba mrefu, ambaye wote walimwita Waya. Alikuja, akainama, akabonyeza, akatikisa kichwa.

"Waliokitengeneza hiki waliandika programu yake kwa mfumo ule wa zamani tu," alisema. "Huku hawakuandika kitu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo, dada yangu, sasa una kipanya cha kawaida, ila kinene."

Bi Mpaka aliutazama mkono wake wa kushoto uliolala juu ya meza, akauvuta kwa ule wa kulia akauweka mapajani.

Alikibeba kile kipanya nyumbani ndani ya soksi. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache ambaye jicho lake moja lilikuwa limezoea kukunjwa hata akiwa hana kioo cha kukuzia. Alikifungua mezani kwake, akakigusa hapa na pale kwa bisibisi ndogo, akasikiliza kila kitufe kwa sikio kama anavyosikiliza saa.

"Ni kizima," alisema. "Vitufe vyote vinasema."

"Mbona kompyuta haijibu?"

"Kutojibu si kutosikia, mama. Wewe ulipokuwa hospitali hukutujibu wiki nzima, na kila tulichosema ulikisikia. Mwambie yule mwenzako aangalie kwanza kama inasikia."

Waya aliyapenda maneno hayo. Kesho yake alifungua kidirisha cheusi kisicho na pambo lolote na kuandika amri fupi. "Kidirisha hiki kazi yake ni kutangaza kila kinachoifikia kompyuta," alieleza. "Bonyeza."

Bi Mpaka akabonyeza kushoto. Ikaandikwa moja. Kulia, tatu. Gurudumu likatoa nne na tano. Akalisukuma pembeni, zikaja sita na saba. Kisha akaweka kidole gumba ubavuni, akasita kidogo, akabonyeza.

Nane.

"Inasikia," Waya alisema kwa sauti ya chini. "Ilikuwa inasikia muda wote. Hakuna tu aliyeiambia ifanye nini mtu akibonyeza nane."

Wakaanza kuvipa vitufe kazi. Haikuwa rahisi. Mara ya kwanza Waya alikosea mstari mmoja, na Bi Mpaka alipobonyeza tisa programu yote ya ramani ikatoweka, na asubuhi yake ya kazi ikaenda nayo. Mara ya pili kila kitu kilikaa sawa mpaka jioni, lakini kompyuta ilipozimwa na kuwashwa ikawa imesahau yote. Ilibidi Waya aandike maagizo mahali ambapo mashine huyasoma yenyewe kila inapoamka. Hatimaye gurudumu likawa la kukuza na kupunguza, na tisa ikawa ya kufuta kosa.

"Nane tuipe nini?" Waya aliuliza.

Bi Mpaka alifikiri. Kazi iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya bonde moja ambalo lingefunikwa na maji ya bwawa jipya. Kabla ya maji, ofisi ilitakiwa kuchora kila nyumba, kila kaburi, kila mti uliopandwa na mtu. Alikuwa amepewa picha nne za bonde hilo zilizopigwa kutoka juu. Mbili zilikuwa za ndege, za zamani, moja yao tangu yeye mwenyewe akiwa msichana. Mbili zilikuwa za setilaiti, na ya mwisho ilikuwa ya miaka miwili tu iliyopita. Zote zimelazwa moja juu ya nyingine kama shuka kitandani.

"Nipe picha iliyotangulia," alisema. "Nikibonyeza, nirudi nyuma picha moja. Nikifika ya zamani kabisa, niangukie tena kwenye ya sasa."

Kabla ya hapo, kubadili picha kulitaka kufungua orodha, kuchagua, kusubiri. Na katika kusubiri jicho husahau lilichokuwa linatazama. Sasa kidole gumba kilishuka tu, na bonde likaruka miaka. Bi Mpaka alibonyeza mara ya kwanza akashtuka. Mabati yaligeuka makuti. Miti ilisinyaa ikawa vichaka. Akabonyeza tena, nyumba zikapungua, mto ukajipinda ukahamia upande wa pili kama nyoka aliyegeuka usingizini. Akabonyeza tena na tena, na bonde zima likawa linapumua mbele yake, linavuta na kutoa, watu wanakuja na kuondoka, njia zinachoreka na kufutika.

Alifanya kazi hivyo siku kadhaa, akiifurahia kama mtoto. Kisha alifika kwenye uwanja wa nyumba moja karibu na mpindo wa mto. Kulikuwa na nyumba, kisima, na kando ya kisima nguzo ya kupitishia kamba. Alibonyeza. Nyumba ikabadili paa. Akabonyeza, ikapoteza chumba kimoja. Akabonyeza, ukuta wa uwanja ukatoweka. Kila kitu kilisogea, kama kinavyosogea kila mahali. Kasoro kitu kimoja.

Hatua chache kutoka kwenye nguzo ya kisima kulikuwa na kivuli. Kutoka juu, mtu aliyesimama ni nukta tu, haonekani. Kinachoonekana ni kivuli chake kilicholala chini, chembamba, chenye kichwa. Kilikuwepo kwenye picha ya sasa. Kilikuwepo kwenye ile iliyotangulia. Kilikuwepo kwenye za ndege zote mbili, kimeanzia pale pale, wala hakikusogea hata kwa unene wa kidole.

Alimwita Waya.

"Ni vumbi kwenye kioo," Waya alisema.

"Kamera nne tofauti, vumbi moja?"

Waya alichukua kiti akaketi. Bi Mpaka alibonyeza polepole. Nyumba ilibadilika, ikabadilika, ikabadilika, na kile kivuli kikabaki kimesimama katikati ya mabadiliko kama mtu aliyesahaulika stesheni.

"Mguu mmoja wa kitu, basi," Waya alisema. "Nguzo nyingine."

"Nguzo haina mabega."

Kiyoyozi kilinguruma, kikanyamaza. Kisha Waya alisema alichokuwa akikifikiria. "Watu husimama kuangalia ndege ikipita. Ni kawaida. Akisikia mlio, anatoka nje, anatazama juu."

"Ndiyo. Hizi mbili za zamani, nakubali." Bi Mpaka alirudi kwenye picha ya mwisho. "Lakini hii ni ya setilaiti. Setilaiti haina mlio. Hakuna mtu anayejua inapita saa ngapi. Huyu alitoka nje kutazama nini?"

Waya aliinuka. Alisema ana kazi ghorofa ya chini, na aliondoka bila kukirudisha kiti alikokitoa.

Tangu hapo Bi Mpaka hakuweza kuuchora ule uwanja. Alichora majirani wake wote, akaacha tundu katikati. Kila alipofungua kompyuta asubuhi alijiambia hatabonyeza, na kidole gumba kilibonyeza chenyewe. Jambo lililomsumbua hakulisema kwa mtu ila kwa mumewe, wakiwa wanakula.

"Miaka yote hii nimechora watu kutoka juu," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kujua kwamba namtazama. Huyu nahisi anajua."

Mumewe alitafuna kwanza akamaliza. "Nenda ukamwone basi. Saa ikipiga mwendo usiouelewa huwezi kuijua kwa kuitazama dirishani. Unaingia dukani."

Safari ilikuwepo hata hivyo. Mpima ardhi, mwanamume mnene aliyevaa kofia hata ndani ya gari, alikuwa akienda bondeni kuhakiki nyumba, na Bi Mpaka aliomba nafasi. Bonde lilikuwa nusu limehamwa. Nyumba nyingi zilikuwa na namba za rangi nyekundu ukutani na hazina milango. Upepo uliingia dirisha moja ukatokea jingine. Lakini kwenye mpindo wa mto moshi ulikuwa unatoka, na barazani alikuwa ameketi mwanamke wa makamo akisuka kikapu, miguu ameinyoosha, nyasi zimelowekwa ndani ya beseni kando yake.

Walisalimiana. Mpima ardhi akafungua tepu yake akaenda kupima ukuta wa nyuma. Bi Mpaka, bila kungoja, alielekea kisimani.

"Zunguka, dada," msuka vikapu alisema kutoka barazani. Hakupaza sauti. "Hapo usikanyage. Pita huku."

Bi Mpaka alisimama. Mbele ya viatu vyake, hatua chache kutoka kwenye nguzo, ardhi ilikuwa ngumu na laini kama sakafu, upana wa nyayo mbili, haina jani hata moja, na majani ya pembeni yake yalikuwa yamefika magotini. Hakukuwa na mtu. Hakukuwa na kitu chochote kilichosimama pale. Aliinua uso akatazama juu, mahali ambapo macho yake mwenyewe yalikuwa yamezoea kukaa, na mbingu ilikuwa tupu na nyeupe.

"Hapa pana nini?" aliuliza.

"Pa mama hapo." Msuka vikapu aliweka kazi chini. "Kaka yangu aliondoka nikiwa bado mdogo sana, akatafute kazi mbali. Alimwambia mama, nitarudi kwa ndege, mtaniona huko juu. Maneno ya kijana, ya kumfurahisha mzazi. Lakini mama aliyashika. Kila ndege ikilia, anatoka anasimama hapo. Baadaye, iwe kuna ndege au hakuna, kila asubuhi chai ikiisha, anatoka anasimama. Anasimama weee mpaka jua linamchoma, ndipo anarudi ndani. Hakumsumbua mtu. Sisi tulizoea, tukawa tunapita pembeni. Mpaka leo kuku wangu hawapiti hapo."

"Kaka hakurudi?"

"Hakurudi. Barua mbili tatu mwanzoni, halafu kimya."

"Na mama?"

"Mama alifariki mwaka ule daraja la zamani lilipobomoka."

Daraja hilo Bi Mpaka alikuwa amelifuta kwenye ramani kwa mkono wake. Alijua mwaka wake. Ulikuwa kabla ya ile picha ya mwisho.

Alitafuta mahali pa kuketi, akaketi ukingoni mwa baraza. "Na wewe, dada, huwa unasimama pale?"

Msuka vikapu alimtazama kama ameulizwa kama huwa anavaa nguo za marehemu. "Mimi? Hata siku moja."

Bi Mpaka angeweza kunyamaza. Aliufikiria mkono wake ulivyolala, alivyokuwa kitandani akisikia kila kitu na hana njia ya kujibu, watu wakizungumza juu ya kichwa chake. Hakuona haki kumjua mtu kiasi kile halafu akaondoka kimya. "Njoo mjini siku moja," alisema. "Njoo ofisini kwangu. Kuna picha za mama yako."

Alikuja kabla ya wiki kuisha, amevaa nguo za kutokea, ameshika kikapu kipya cha zawadi. Waya aliletwa ashuhudie, ingawa alisimama karibu na mlango. Bi Mpaka alimwonyesha mgeni pa kuweka kidole gumba.

"Ukibonyeza hapa, unarudi nyuma. Nyumba yenu hii. Kisima hiki. Huyu hapa."

Msuka vikapu hakuuliza vivuli vinasomwaje. Mtu hujua mabega ya mzazi wake. Alibonyeza mara moja, akatabasamu. "Huyu mama. Khanga ameifunga kiunoni, unaona alivyonenepa hapa kati." Akabonyeza. "Mama, bado na nguvu." Akabonyeza akafika kwenye picha ya zamani kabisa, ya rangi nyeusi na nyeupe, akakaribia skrini mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. Kando ya kivuli kile kulikuwa na kingine kifupi kilichogandamana nacho, ambacho Bi Mpaka muda wote alikidhani kichaka.

"Na huyu kaka," alisema. "Amemshika mama nguo. Mimi bado sijazaliwa."

Alifuta machozi kwa kiganja, akabonyeza tena, na picha ikaangukia kwenye ile ya mwisho.

Alitazama muda mrefu. Kisha akaondoa mkono kwenye kipanya, taratibu, kama mtu anayetoa mkono kwenye shimo.

"Huyu si mama."

"Mwaka huu mama alikuwa ameshafariki," Bi Mpaka alisema. "Najua. Ndiyo maana nilikuita."

"Sisemi hivyo. Hata kama angekuwa hai. Huyu si mama, mama alikuwa mfupi."

Bi Mpaka hakuwa ameliona hilo. Alikuwa ametazama mahali, hakutazama mtu. Na jambo hilo lilikuwa la kazi yake kabisa, kwa kuwa kivuli hupimika. Jua likiwa juu ya vitu vyote kwa pamoja, kitu kirefu kina kivuli kirefu, na kifupi kifupi. Na kando ya kivuli kile kulikuwa na cha nguzo ya kisima, ambayo haikubadilishwa tangu ichimbiwe. Alivuta kipimo. Kwenye picha tatu za mwanzo kichwa cha aliyesimama kiliishia chini kabisa ya kichwa cha nguzo. Kwenye ya mwisho vilikuwa sawasawa. Kwa kweli, cha mtu kilizidi kidogo.

Alipima mara ya pili.

"Kaka yako alikuwa mrefu?" Waya aliuliza kutoka mlangoni.

"Alikuwa akiinama kuingia ndani," msuka vikapu alisema. "Hata kabla hajamaliza kukua. Mama alimwambia, utatuvunjia mlango." Aliuliza picha ile ilipigwa mwezi gani, na Bi Mpaka alipomwambia alifumba macho. "Mwezi huo sikuwepo. Nilikuwa hospitali, nimefanyiwa upasuaji. Nyumba niliifunga kwa kufuli."

Kisha akakumbuka jambo, na sauti yake ikashuka. "Niliporudi nilikuta ndoo imejaa maji mlangoni. Yamefunikwa vizuri na sinia. Nikajua jirani kaniwekea, maana mgonjwa hawezi kuvuta kamba. Nikaenda kumshukuru. Akaniambia, ndoo gani? Nikadhani anajishusha tu, ndivyo alivyo. Nikayanywa yale maji."

Alibaki pale mpaka ofisi ilipofungwa. Bi Mpaka alimwachia kiti na kipanya, akaenda kukaa dirishani. Nyuma yake alisikia mlio mdogo wa kitufe, na kimya, na mlio tena. Mgeni alirudi nyuma mpaka kwa mama na mtoto, akaangukia kwa yule mrefu aliye peke yake. Akarudi. Akaangukia. Hakulia tena. Alipoinuka aliuliza jambo moja tu.

"Maji yakija, pale patakuwa na kina gani?"

"Kirefu," Bi Mpaka alisema. "Hata nguzo haitaonekana."

"Basi akija tena hatapajua."

Kuhama hakukuwa na hiari. Wote waliobaki bondeni walipelekwa kwenye viwanja vipya juu ya mlima. Bi Mpaka alipigania jambo moja dogo. Ramani ya ofisi ilikuwa na alama za nyumba, za makaburi, za visima na za miti, na hakuna alama ya mahali mtu aliposimama. Mkuu wa idara alimwambia ardhi tupu haichorwi. Alimjibu kwamba kaburi nalo ni ardhi tupu ukilitazama kutoka juu. Mwishowe mkuu alichoka, akamwambia afanye anavyoona, naye akaweka nukta moja hatua chache kutoka kisimani. Ipo mpaka leo katika ramani ya chini ya maji.

Msuka vikapu alifanya la kwake. Mahali ambapo barabara ya zamani ilizama majini, karibu na kibanda cha muuza vocha, alisimamisha ubao na kuandikisha kwa rangi nyeupe: Tumehamia juu mlimani, uliza nyumba ya msuka vikapu, sote tunakungoja. Hiyo "sote" watu walimtania, kwa kuwa alikuwa akiishi peke yake. Alisema mtu aliyechelewa sana hawezi kuambiwa kwenye ubao kwamba mama hayupo. Hilo ni la kuambiwa ameketi.

Maji yalijaa. Picha mpya ya setilaiti ilipoletwa ofisini, Bi Mpaka aliilaza juu ya zile nyingine na kubonyeza nane mara moja. Bonde likarudi na kuta zake na njia zake, mtu wake mrefu amesimama kisimani. Akabonyeza mpaka maji yakayafunika yote. Aliutafuta ubao ukingoni akauona, kijistari cheupe. Hakukuwa na mtu kando yake. Alifurahi, kisha akaona vibaya kwamba amefurahi.

Miezi ilipita kabla simu haijaja. Sauti ya msuka vikapu ilikuwa imetulia kupita kiasi, kama ya mtu aliyebeba chombo kilichojaa pomoni.

"Dada, muuza vocha kaja kwangu asubuhi. Anasema jana kuna mtu alisimama mbele ya ubao. Mtu mzima, mvi, mrefu sana. Alisimama weee. Muuza vocha akamuuliza, mzee, nikusaidie? Akauliza, maji haya yana kina? Basi. Akaja mteja, muuza vocha akahesabu chenji, kuinua uso hayupo."

"Alielekea wapi?"

"Hakumwona akielekea popote. Na barabara pale ni moja."

Bi Mpaka alikuwa amesimama kando ya meza yake, kipokezi kimebanwa kati ya sikio na bega, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa kwenye kipanya. Alitaka kusema warefu ni wengi duniani. Alitaka kusema ampigie polisi, au apige simu hospitali.

"Unaogopa?" aliuliza.

"Naogopa," msuka vikapu alisema. "Lakini amesoma, dada. Sasa anajua tulipo."

Alipomtembelea mlimani msimu uliofuata, Bi Mpaka alimkuta amelihamisha beseni lake la nyasi kutoka uani, kwenye kivuli kizuri, akaliweka mbele ya nyumba juani, uso ukielekea barabara. Alimkaribisha, wakanywa chai, wakazungumza habari za bei za vikapu na za mkono wa kushoto, ambao siku hizi ulikuwa unakubali kushika kikombe kama hakijajaa. Kila mara mwenyeji alipoinua macho kutazama barabara, mgeni naye aliinua. Barabara ilikuwa nyeupe kwa vumbi na haikuwa na mtu. Vikombe vilikuwa vitatu, na cha tatu hakuna aliyekigusa.